Shaba ya Sinaw

Alhamisi, Sinaw. Mbuzi wamekwisha kunadiwa,
vumbi lao bado limening'inia chini ya mabati ya soko.
Bi Ghabisha, barakoa imemchujukia puani,
ananimwagia alivyonavyo: bangili zilizopinda,
ufunguo usio na mlango, riale ya fedha yenye malkia mnene,
na kipande cha shaba, kijani kama kutu ya birika.

Nakisugua kwa kidole gumba na mate.
Upande mmoja shingo tu. Uso umelika;
mfalme wa watu, hata pua hana.
Upande wa pili ng'ombe wawili, dume na jike,
na nyuma yao mtu amejitanda nguo kichwani,
ameshika plau, anachora mstari.
Juu yake herufi tatu: C, O, L.

Koloni.
Neno hilo nililisoma kwa chaki, Unguja,
mwalimu akiligonga ubaoni kwa fimbo.

Huyu wa plau ni askari mstaafu,
kiinua mgongo chake shamba la mtu mwingine.
Anazungusha mfuo: ndani mji, nje nyika.
Penye lango ananyanyua plau, anapita, anaishusha tena.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mwenyeji nimemtafuta, nimegeuza sarafu mara tatu.
Hayumo.

Dhahabu husafiri. Fedha husafiri.
Shaba ilinunua mkate, kitunguu, kuoga mara moja,
na ikivuka daraja la mji wake ni chakavu.
Nani basi aliileta huku, ukingoni mwa mchanga?
Aliyesahau kukung'uta mfuko.
Au ambaye hakutaka kusahau.

Mama yangu, Bi Ruzuna, aliteremka Sib
na pesa moja ya mizani katika pindo la kanga.
Hainunui kitu hapa, wakamwambia.
Wala kule, akajibu, tangu enzi ya babu yangu.
Babu yake, mwenye mikarafuu mia saba
katika ardhi ambayo mimi, mwenye maswali yote haya,
sikuwahi kumuuliza Mama ilikuwa ya nani.

Bi Ghabisha anataka riale tano.
Natoa mizani yangu ndogo ya dhahabu:
sahani hii mwenye plau, sahani hii pesa ya Mama.
Zinayumba, zinayumba. Mwenye plau anashuka kidogo.
Bi Ghabisha anainama, anatazama ng'ombe, si mtu.
"Wamekonda," anasema. "Huyu hakuwalisha."

Nikatoa tano. Sikuomba apunguze.