Waya Usioshikika

Mkutano ni Alhamisi, saa tatu kamili.
Wanunuzi wa korosho wako Abidjan,
wauzaji wako Newala,
na mimi mkalimani katikati, Tabata Segerea,
kwenye chumba ambacho ukuta wake mmoja
ni wa jirani mwenye mashine ya kusaga.

Kifaransa kiniingie sikioni, kikomee hapo.
Kiswahili kinitoke mdomoni, kiende Newala.
Visikutane.
Sauti hizi mbili ni wake wenza:
zinaheshimiana zikiwa na milango miwili;
zipe jiko moja uone.

Kompyuta yangu ina jiko moja.

Ndiyo maana nakesha na programu nne
zinazouza waya ambao haupo.
Kweli, ndivyo zinavyojinadi:
unachomeka hewa ndani ya hewa,
upande huu unauita kipaza sauti, upande ule spika,
na kompyuta, maskini, inasadiki.

Ya kwanza ni bure. Inatoa waya mmoja.
Nahitaji nyaya mbili. Wa pili unaombewa sadaka,
na sadaka yenyewe ina kima cha chini.

Ya pili ina vitufe vingi
kuliko vifungo vya koti la mpiga tarumbeta wa harusini.
Niligusa kimoja asubuhi,
kompyuta ikanuna mpaka adhuhuri.

Ya tatu ni nzuri. Nakiri, ni nzuri mno:
unachora mstari, sauti inaufuata
kama maji yaliyoonyeshwa mfereji.
Bei ni dola, kila mwezi,
kodi ya mwenye nyumba asiyejua kupaka rangi.

Ya nne niliipata kwa Shomvi, Mtaa wa Aggrey,
ndani ya flashi iliyofungwa kwa mpira wa noti.
"Kufuli limeshavunjwa, dada. Zima tu kinga ya virusi,
dakika mbili, halafu uiwashe."
Nikamshukuru. Nikamlipia chai.
Mgeni anayetaka mlinzi aondoke getini ndipo aingie
humuulizi tena amekuja kufanya nini.

Nikarudi kwa ile ya kwanza.
Sadaka nikaitoa kwa kadi ya Remidius,
aliyeniuliza, "Elfu kumi na nne ya nini?"
Ya waya.
"Urefu gani?"

Sasa ni saa nane usiku, mashine ya kusaga imelala,
Luku imebaki uniti tatu na nukta.
Nimecheza hotuba ya zamani ya Kifaransa:
imeingia sikio la kushoto, imekaa humo kwa adabu.
Upande wa Newala, kimya.
Imebaki kupima sauti yangu.
Sema chochote, kioo kinaniambia.

Chochote.

Miaka kumi na mmoja nimesema mimi
nikiwa mkurugenzi, nikiwa mjane anayedai fidia,
nikiwa mshitakiwa wa pili.
Mimi naomba tarehe nyingine. Mimi sikuwepo.
Mimi nakubali bei hiyo, mzigo ukifika mkavu.
Katika mimi zote hizo
hakuna iliyokuwa yangu.

Mstari wa kijani umelala chini ya kioo, unanisubiri.
Nikakohoa; ukaruka.
Moja, mbili. Ukaruka, ukarudi.
Kisha polepole, kama anayejaribu kiatu dukani
huku akijua hana hela:
Mimi Stamili. Nimechoka kidogo.
Unga uliobaki ni wa kesho tu.

Ikaenda. Nikaisikia ikitokea upande wa pili,
nusu sekunde nyuma yangu,
safi, bila tone la Kifaransa,
sauti ya mtu ninayeweza kumkaribisha ndani.

Nusu sekunde ni nyingi kwa mkutano.
Nikafungua mipangilio,
nikaanza kuipunguza.