Kinga na Kinga

Kila mwezi wa pili muuguzi wa Oulu
hunifunga mpira juu ya kiwiko.
Chupa tatu. Kibandiko: Pacha B.
Oiva ndiye A, alinitangulia kwa dakika kumi na moja;
yeye kurwa, mimi doto,
yai moja lililogawanyika
kabla mama hajajua kuwa ana mimba.

Damu nzito kuliko maji.
Basi yetu ina uzito uleule, herufi kwa herufi,
na bado mimi nimekuja nikiendesha gari langu,
naye yuko ghorofa ya pili
akiiambia redio iliyozimwa inyamaze.

Jirani Lempi hakuhitaji chupa:
"Bibi yao Hilja alifunika vioo.
Mtoto wa nyoka ni nyoka."
Akasahau kuwa nami nimetoka shimo hilohilo.

Daktari Saarela hachori nyoka, huchora ziwa.
Hakuna jeni moja la kushtakiwa, anasema,
ni mamia, kila moja punje tu mizanini;
zikijumlishwa, barafu yenu ni nyembamba
kidogo kuliko ya wenzenu.
Nyembamba, si iliyovunjika.
Inategemea nani anapita, na amebeba nini.

Nikamhesabia mizigo ya Oiva:
kitovu kilichomzunguka shingo, akazaliwa wa buluu;
Helsinki, miaka kumi na minane,
dirisha moja linalotazama ukuta,
bangi kila jioni,
ngazi nzima ya watu wasiolijua jina lake.
Mimi nilibaki Kuusamo na ng'ombe wa shangazi,
nikinung'unika kwamba dunia imenipita.

"Ni hayo, basi?"
Akafunika kalamu.
"Wako waliobeba hayo yote wakavuka."

Usiku nawasha jiko la sauna.
Gumba moja la mbetula hufuka tu, hulia, huzima.
Nasogeza la pili.
Nakaa nikitazama, nisijue
nimwombee nani msamaha.

Asubuhi Oiva anaiona pamba mkononi mwangu.
Anakunja mkono wake: pamba, palepale.
"Barafu ina sentimita ngapi leo?"
(Tulikuwa tukiipima kwa keekee, wadogo, kabla ya shule.)
"Arobaini," nasema.
"Farasi anapita."
"Anapita, na mkokoteni wake."
Anafikiri. Kisha anashusha sauti,
redio isisikie:
"Na sisi wawili?"