Kipande Kimoja au Viwili

Fundi Kapama ameuliza mara ya tatu:
"Mama Ndila, kipande kimoja au viwili?"
Penseli sikioni, futi ya chuma mkononi,
na gari limekaa katikati ya karakana yake, hapa Isevya,
mabega wazi, kama mtu aliyekatizwa kuoga.

Mtaani wanaliita Kichwa Wazi.
Viti vinne, paa hakuna.
Mihambo alilinunua kwa daktari aliyekuwa anahama,
akalipaka rangi ya maziwa,
na kwa miaka kumi na mmoja maharusi wa Cheyo na Kanyenye
wamefika ukumbini wameshikilia mgongo wa kiti,
shela likigombana na upepo.

Turubai lilikuwapo. Turubai!
Mvua ya Novemba ililichimba bwawa katikati,
paka wa jirani wakaligeuza godoro,
na Jumamosi moja, dakika ishirini kabla ya msafara,
tukamkuta kuku ameatamia
pale pale anapokaa bibi harusi.
Mihambo alicheka mpaka akakaa chini.
Mimi nilihesabu mayai. Tisa.

Kwa hiyo safari hii kifuniko kigumu.
Nimepima yote, kwa kichwa na kwa pochi.
Bati ni rahisi,
lakini jua la saa nane la Tabora
litaviivisha viti kama mihogo chini ya sufuria.
Faiba ni nyepesi, inang'aa,
ila inatoka Dar kwa treni,
na nimeona vinavyoshushwa pale stesheni
vikiwa na nyufa zisizoandikwa kwenye risiti.
Mninga, basi. Kapama anaugonga kwa kidole:
"Huu mchwa anaupita kwa salamu tu."
Akanipa kipande ninuse.
Kitanda chetu ni cha mninga.
Nikasema sawa, upesi kuliko nilivyokusudia.

Kukifunga si kazi.
Kazi ni siku ya harusi,
gari likiwa limekwenda na kifuniko kimebaki.
Ukikiegemeza ukutani, kitapinda.
Ukikilaza sebuleni, Ndila na wenzake watapata jukwaa.
Ukikiacha uani, kuku yule hajafa.
Shemeji anashauri roda na kamba, kining'inie darini;
nimelitazama dari letu,
nalo likanitazama.

"Kimoja kinapendeza," anasema Kapama,
"hakina mshono, maji hayapati njia.
Na uzito si wa kutisha, kilo thelathini hivi.
Wewe unashika huku,
mwenzio anashika kule—"

Akanyamaza.
Akaanza kutafuta penseli mezani,
chini ya randa, ndani ya kopo la misumari.
"Iko sikioni," nikamwambia.

"Viwili," nikasema. "Kila kimoja
kisizidi urefu wa mikono yangu nikiitanua."
Nikaitanua, katikati ya maranda,
naye akapima kutoka kidole hadi kidole
bila kunigusa, kwa adabu, kama fundi wa suti.
"Maji yatapenya katikati, mama."
"Weka mpira."
"Hata ukiwa na mpira, kidogo yatapenya."
"Kidogo nitafuta."

Jana usiku nilipima chumba.
Kitanda ni futi tano kwa sita.
Upande wa ukutani haujakunjika shuka tangu Machi.
Nitatandika pale lile blanketi la kijivu,
nivilaze kimoja juu ya kingine,
katikati niweke fulana zake zile za gereji
visikwaruzane.
Jumamosi tu. Jumapili vinarudi garini.

Ndila, ambaye ana miaka saba na swali kwa kila kitu,
alikuwa mlangoni na mswaki mdomoni.
"Mama, kwa nini visikae chini ya kitanda?"

Chini ya kitanda kuna karanga, nikamjibu.
Na ni kweli. Magunia mawili.