Nakwangua Ukuta, Kikombo

Juu kabisa ni krimu. Hii ya juzi,
ya mhasibu aliyehamia na wizara
akaikimbia nyumba kwa sababu ya popo
kabla ndoo ya pili haijafunguliwa.

Nalowesha, nakwangua. Kijani.
Kile cha zahanati, chenye mkanda mweusi chini
wa kuficha matope ya viatu.
Msajili wa Majumba alipigilia kibati cha namba,
na Chilewa wa stesheni akafuga kuku bafuni.
Mayai yao nimeyala. Siwezi kumsema vibaya.

Chini ya kijani, samawati:
Ratansi na mkewe Jamna, duka upande wa reli,
chumvi, kaniki, mafuta ya taa kwa kibaba.
Nyuma ya mlango penseli haijafutika:
*Ndahani, karanga debe tatu, hajalipwa.*
Hajalipwa.
Waliondoka na treni ya usiku,
ufunguo wakamwachia jirani, na paka.

Kisha chokaa, ngumu kama jino.
Mjerumani wa reli. Jina lake halikubaki;
watu walimwita Bwana Kamba
maana alipima kila kitu, hata makaburi ya wenzake.
Mwaka aliuchonga kwenye mbao juu ya mlango,
tarakimu ya mwisho imeliwa na mchwa.
Vita ilipofika alikimbia
akabeba dirisha moja. Moja tu. Mpaka leo
tundu lile limezibwa kwa tofali.

Nilidhani nimemaliza.
Kisu kikazama palipo laini:
udongo wa kichuguu, mwekundu, wenye samadi,
na ndani yake kiganja.
Kidogo kuliko changu. Cha kushoto.
Vidole vimeburutwa kwenda juu,
kama mtu aliyeitwa ghafla, akageuka.

Bibi mzaa mama alikuwa mashoto,
na mama yake, wanasema, alisomba maji hapa
kwa mshahara wa chumvi.
Lakini mashoto Ugogo hii ni wengi.
Nimeweka mkono wangu pale, haukuenea.

Simu ikalia. Mwenye nyumba, yuko mjini,
hati mpya mkononi, wino haujakauka.
"Fundi, umefika wapi?"
"Nimefika mwanzo."
"Basi piga rangi."

Ndoo nimeifungua.
Mti wa kukorogea sijaupata bado,
nautafuta taratibu.