Kibarua

Kibarua, aliniambia marehemu mama, ni barua ndogo:
kikaratasi alichopewa babu kwenye mkonge,
siku ikiisha kinatiwa alama.
Changu sijawahi kukiona.
Miaka kumi na moja nachambua kahawa hapa Moshi
na kila asubuhi mimi ni mgeni.

Saa kumi na mbili, getini, nyuma ya reli,
tuko tisini na kitu, khanga juu ya sweta.
Ndetaramo anatoka. Hataji majina,
kalamu yake ndiyo inayosema:
wewe. Wewe. Wewe hapana. Wewe mwenye kilemba.
Arobaini wanaingia. Tuliobaki tunatazamana
kama sufuria zilizooshwa na hakuna cha kupika.

Ukiingia, ni ungo na vidole.
Nyeusi, toa. Iliyovunjika, toa. Yenye tundu la mdudu, toa.
Nzuri inakwenda Ulaya, inanywewa
na watu wanaojua Jumatatu watakuwa wapi.
Jioni nashika hela ya siku moja,
na kule Pasua mwenye nyumba anataka miezi sita, kwa mkupuo.
Nimhesabie vipi miezi, mimi ninayelipwa kwa machweo?
Bati linavuja juu ya kitanda cha Elinsifa wangu.
Nikisema, ananijibu: wapangaji wapo.
Ndetaramo naye: wachambuaji wapo.
Wamesoma shule moja.

Jumanne moja ya masika kalamu ilimruka Anasenyo.
Mimba ya miezi saba, na vidole kuliko sisi sote;
yeye ndiye aliyenifundisha kuijua mbovu
kwa kuigusa, bila kuitazama.
"Huyu anakaa nafasi ya watu wawili," akasema Ndetaramo, akacheka kidogo.
Kalamu ikaja kwangu. Wewe.
Sikwenda.
Sikuwa nimepanga. Miguu tu ilikataa.
Akamwonyesha Aikaruwa. Aikaruwa akatazama viatu vyake.
Akamwonyesha mama Kisamo, mwoga wetu mkuu,
naye akaketi chini palepale:
"Kibarua kikiota nyasi, si ndivyo mnavyosema?
Basi leo tunazikalia."

Siku ya kwanza walikuja polisi wawili, wakachoka, wakanunua karanga.
Ya pili, mvua.
Ya tatu mtu alileta kiburu kwenye ndoo ya rangi,
na saba wetu wakaingia ndani kwa mlango wa nyuma.
Siwataji. Nina watoto, najua.
Mlima ulifunuka dakika chache, watalii wakaupiga picha,
ukajifunika. Haukutuuliza kitu.

Ya tano, meneja na karatasi.
Barua! Kubwa, yenye mhuri.
Miezi mitatu, na jina langu, limekosewa herufi moja.
"Sainini hapa."
Anasenyo akaomba ungo.
Tukaiweka karatasi juu yake, tukakutanisha vichwa,
tukaanza, kwa mazoea tu:
"endapo," ina tundu la mdudu, toa.
"Kwa kadiri mwajiri atakavyoona," nyeusi hiyo, toa.
"Uzazi." Tafuta. Haimo.
Meneja akatazama saa, akasema meli haisubiri.
Mama Kisamo hakuinua kichwa.
"Kazi hii haitaki haraka, baba. Ni nyinyi mliotufundisha."

Bado tuko mstari wa tatu.