Kiapo Nilichomlisha

Usiku wa kuandama mwezi, Kangagani,
nilimshika kaka yangu Shaame mkono
nikauweka juu ya Msahafu wa baba.
"Sema," nikamwambia. Akasema.
Miaka kumi na saba ya tembo na gongo
ikakatwa kwa kauli moja, kama mkungu wa ndizi.
Mama akapiga vigelegele uani.
Bi Chumu akaleta uji wa pilipili manga,
nami nikaenda kumwaga madumu mawili
nyuma ya choo, penye mgomba,
nikijiona nimeua nyoka.

Nilikuwa nimemkanyaga mkia.

Siku ya kwanza, magharibi, kikombe hakikutulia.
Uji ukamwagika mkekani,
jasho likamtiririka na upepo unavuma.
Tukacheka kidogo. "Swaumu imemkaba," tukasema.
"Ni uchafu unamtoka."
Sisi tusiojua kitu
tuna jina la kila kitu.

Siku ya pili hakulala.
Moyo ulimwenda mbio; niliuona shingoni
ukirukaruka kama panzi ndani ya kitambaa.
Akaniita kwa sauti ndogo, ile ya utotoni,
tulipokuwa tukiogopa popo wa mikarafuuni:
"Nipe kidogo tu. Kifuniko kimoja. Si kwa ulevi.
Mwili unaniambia nitakufa."
Nikamwonyesha rafu ya juu, ulipo Msahafu.
Hakuomba tena.
Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo:
kwamba alinitii.

Siku ya tatu, kabla ya daku,
ukuta ukaota siafu.
Akawapangusa mikononi mwake, akawapangusa kwa Mama,
akazungumza na baba, aliyekufa zamani,
wakibishania bei ya pishi ya karafuu.
Huyu akasema pepo. Yule akasema kijicho.
Ubani ukafukizwa, kombe likaandikwa kwa zafarani,
na kombe lilipofika mdomoni
taya likajifunga, macho yakapinduka,
mwili mzima ukapigwa kama mkeka unaokung'utwa.
Nilihesabu. Sijui kwa nini.
Nilifika tisini.

Gari ya karafuu ya Asaa mpaka hospitali, Wete,
kichwa chake pajani mwangu, juu ya magunia matupu.
Muuguzi Ghanima, mdogo kuliko mimi,
aliuliza suali ambalo sisi hatukuulizana:
"Ameacha lini?"
Si "anakunywa?" Si "nani kamroga?"
Nikajibu kwa fahari iliyonibakia: siku ya tatu leo.
Akafumba macho kidogo,
kama mtu aliyetajiwa bei.

Baadaye, dripu ikidondoka,
sindano ya pili imeshamlaza,
akanieleza bila kunigombeza.
Miaka yote ile pombe ilikaa juu ya ubongo kama jiwe,
na ubongo, upate kuishi, ukajifunza kusukuma.
"Wewe umeliondoa jiwe kwa usiku mmoja.
Yeye alikuwa bado anasukuma."
Arosto ya unga, alisema, humtesa mtu;
ya pombe huweza kumzika.
Huachwa, ndiyo. Na iachwe.
Ila kwa aliyezama kiasi kile
huachwa mkononi mwa mtabibu,
kwa dawa inayopunguzwa siku hadi siku,
kwa vitamini, kwa maji,
kwa jicho la mtu anayeijua
saa ya sita na saa ya sabini.

Siku ya saba Shaame alinitambua.
Midomo imempasuka, ulimi una jeraha la meno.
Neno lake la kwanza: "Nilikunywa?"
"Hukunywa."
Akatabasamu, akalala.
Nami nikageukia dirisha, nikatamani,
Mungu anisamehe, laiti angekunywa
kile kifuniko kimoja,
hadi tufike kwa Ghanima.

Baada ya Idi nilifunga siku tatu.
Mama akashangaa: "Kafara ya nini?
Kiapo hakikuvunjwa na mtu."
Nikaendelea kuosha sufuria.
Ni cha yule aliyekilisha, Mama,
si cha aliyekila.