Upatu

Palikuwa na karakana ya vijiko hapa, Burngreave,
kabla Sheffield haijaacha kufua chuma kwa mikono.
Ukifagia sawasawa chini ya ngazi
huibuka kijiko kisicho na mpini,
au mpini peke yake, umeota kutu,
nami huvitia vyote kwenye kopo la biskuti. Sijui kwa nini.

Mimi si msanii. Lieleweke hilo.
Mimi ni Mwanakheri wa funguo na daftari,
najua bomba lipi hugoma Januari
na mahali pa kuipiga boila ili ikohoe, iwake.

Hatukukosa pa kwenda, msidhani.
Majumba ya sanaa kule mjini yalitukaribisha
kila Oktoba, mwezi wa weusi wetu.
Novemba picha zilirudi zimefungwa vizuri mno,
kwa plastiki ile ya mapovu
ambayo watoto hupenda kuipasua.

Basi Verlene akatafuta paa lake mwenyewe.
Muuguzi mstaafu, miaka thelathini na mmoja ya zamu za usiku,
hajapata kuchora hata yai. Sasa huchora vitanda,
vitanda tu, kila kimoja na taa yake.
Delphine akaja na ngoma iliyoshtakiwa mara tatu
na jirani wa ghorofa ya chini.
Monwara hudarizi miji mizima juu ya sari kuukuu.
Awil hutunga akiendesha teksi, hufika hapa
na beti kumi na mbili kichwani
kama mtu aliyeteka maji kwa viganja: tumpishe.

Fomu ya ruzuku iliuliza: athari, kwa tarakimu?
Nikaandika: watu arobaini, kila Jumatano.
Sikumwandika Tendekai,
miezi mitano kochini, kofia usoni, bila neno,
kisha jioni moja akauliza,
"Mkasi mnaweka wapi?"
Kisanduku chao kilikuwa kidogo.

Mwaka wa tatu ikaja barua. Vipaumbele vimebadilika.
Haba na haba, ndiyo, hujaza kibaba,
ila chetu kilikuwa kinavuja
kama paa, kama ndoo iliyokinga paa.

Tulikutana na makoti mwilini.
Verlene akaweka noti ya pauni ishirini mezani,
akaikandamiza kwa kikombe. "Pardna," akasema,
"ndivyo mama yangu alivyonunua nyumba
benki ilipomfungia mlango."
Ayuto, akasema Awil. Monwara: kwetu ni kamiti.
Delphine akacheka: likelemba, bwana!
Nami nikasema upatu,
na neno likalia mdomoni mwangu,
maana upatu ni mchezo wa pesa, kila mtu na zamu yake,
na upatu ni sahani ya shaba, hupigwa ngoma inapokolea.
Nikatoa kijiko kimoja koponi, nikagonga sinia la chai.
Mkutano ukafunguliwa.

Zamu ya kwanza tuliipa boila.
Ya pili, paa. Ya tatu nilishaiandikia umeme,
Verlene akanishika mkono: "Nyumba imekula mara mbili.
Sasa ale mtu."
Tendekai akapata pauni mia nne na themanini,
akanunua karatasi nyeusi, gundi, meza yenye taa ndani,
na mpaka leo hajatuonyesha alichokikata.
Hatujauliza.

Mwenye jengo anasema huenda akauza mwakani,
ligawanywe liwe vyumba vya kupangisha.
Hilo nimeliandika kwa penseli.
Kwa wino nimeandika: Jumatano, saa kumi na mbili jioni,
majina ishirini na manne,
na mbele ya kila jina, ishirini.

Awil alilichungulia daftari juzi, akasema,
"Mistari yako ina mizani."
Nikamwambia lazima ilingane, ni hesabu.
Akaniangalia tu.

Wiki ijayo nina miadi ya meno,
kwa hiyo, Monwara, funguo hizi hapa.
Ule mlango wa nyuma usiulazimishe:
uinue kidogo kwanza,
ndipo usukume.